Nguruwe wa Shaba na Jeraha Lililosahauliwa

Usiku mmoja wa Septemba 2024 nilikuwa katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis, uwanja unaochukua watu wapatao elfu hamsini. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipa tiketi. Aliniambia kuwa mtu hawezi kudai ameifahamu Marekani kabla ya kukaa jukwaani siku ya mechi ya vyuo. Wageni walikuwa Iowa, jirani wa upande wa kusini.

Nakiri kwamba mchezo wenyewe, huu wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi, bado hunitatiza. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa zaidi kando ya uwanja kuliko ndani yake. Huko kulikuwa na bendi ya matarumbeta na vijana wa kuongoza shangwe. Kwa kweli, kazi hiyo ya kuongoza shangwe ilizaliwa katika chuo hicho hicho: tarehe 2 Novemba 1898 mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell alijitokeza mbele ya mashabiki na kuwaongoza kuimba kwa sauti moja, na desturi hiyo ikaenea nchi nzima.

Iowa walishinda kwa 31 dhidi ya 14. Muda ulipokwisha, wachezaji wao hawakukumbatiana kwanza. Walitimua mbio kwenda kuchukua sanamu ya nguruwe. Ni nguruwe wa shaba, mwenye uzito wa takriban kilo 44, na jina lake ni Floyd wa Rosedale. Kila mwaka timu hizi mbili zinapokutana, mshindi huondoka naye. Vijana wale walimnyanyua juu ya vichwa vyao, wakampapasa mgongo, wakampiga busu puani. Wazee wenye nywele nyeupe walitokwa na machozi ya furaha kwa ajili ya nguruwe. Nilicheka mpaka mwenzangu akanigeukia.

Nilicheka kwa sababu niliyaelewa mambo yale kuliko nilivyotarajia. Nikajiambia: hawa ni watani.

Sisi tuliokulia Tanzania hatuhitaji kufundishwa maana ya utani. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na tangu hapo tumeitana kila jina linaloweza kumtoa mtu machozi, kisha tukaenda kunywa chai pamoja. Lakini utani ulitangulia mpira. Mimi ni Mhehe. Babu zetu na babu wa Wangoni waliuana vitani katika karne ya kumi na tisa, na baada ya damu ile yote wakawa watani. Tulipomzika baba yangu Iringa, Mngoni mmoja aliruka ndani ya kaburi, akajilaza, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa kuwa marehemu alikuwa mchoyo na alikuwa akimdai. Mama, ambaye alikuwa hajafungua kinywa kwa siku mbili, alicheka. Mtu yule alipotoka kaburini, alishika koleo na kufukia hadi mwisho, mpaka viganja vyake vikachubuka.

Huo ndio utani ninaoujua. Unamruhusu mtani kukutukana, lakini unamdai koleo. Kicheko kile hakikufuta kumbukumbu ya vita. Kilisimama juu yake, na kila mtu pale makaburini alijua kwa nini Mngoni, na si mtu mwingine, ndiye mwenye ruhusa ya kulala katika kaburi la Mhehe.

Niliporudi nyumbani usiku ule nilitaka kujua: huyu nguruwe ametokana na vita gani?

Mwaka 1934 Iowa walikuwa na mchezaji Mweusi, Ozzie Simmons, mkimbiaji hodari kuliko wengi wa wakati wake. Walipocheza na Minnesota mwaka huo, Simmons alipigwa na kuangushwa kwa namna iliyowafanya watu wa Iowa waamini kwamba aliandamwa kwa makusudi. Alitolewa uwanjani akiwa ameumia, na Minnesota wakashinda 48 kwa 12. Wapo waliosema kuwa aliandamwa kwa sababu ya kipaji chake, wengine wakasema kwa sababu ya rangi yake. Sioni ugumu wa kuamini kwamba sababu zote mbili zilikuwepo.

Mwaka uliofuata, 1935, hasira ilikuwa bado haijapoa. Gavana wa Iowa, Clyde Herring, alitamka hadharani kwamba umati hautavumilia mchezo wa namna ile kwa mara nyingine. Minnesota waliyachukua maneno hayo kama tishio. Hapo gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akapeleka simu ya maandishi: tuwekeane dau, atakayeshindwa ampe mwenzake nguruwe bora. Watu wakacheka, na joto likashuka. Mechi ilichezwa bila fujo, Minnesota wakashinda 13 kwa 6, na Herring akampeleka nguruwe aliye hai mpaka ofisini kwa Olson. Nguruwe yule alipewa jina la Floyd kutokana na gavana huyo, na Rosedale kutokana na shamba alikotoka. Baadaye ikatengenezwa sanamu.

Sitaki kuibeza busara ya magavana wale. Walizima moto kwa mzaha, na huenda waliokoa watu wasiumizwe. Viongozi wetu wangapi leo wanaweza kufanya hivyo? Lakini kuna methali isemayo kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika kisa hiki tembo walipatana, na nyasi hazikuulizwa. Ugomvi ulianza kwa mwili wa kijana Mweusi kuumizwa, ukaisha kwa nguruwe, na katikati ya hapo jina la kijana likadondoka. Simmons hakupata nafasi katika ligi kuu ya kulipwa, kwa kuwa ligi hiyo ilikuwa imewafungia mlango wachezaji Weusi kuanzia 1934 hadi 1946. Nguruwe ana sanamu. Elfu hamsini wanajua jina lake.

Wala Simmons hakuwa wa kwanza. Oktoba 1923 Jack Trice, mwanariadha Mweusi wa kwanza wa Chuo cha Jimbo la Iowa, ambacho ni chuo kingine cha jimbo hilo hilo, alicheza Minneapolis dhidi ya Minnesota. Alivunjika mfupa wa bega, akaendelea kucheza, kisha akakanyagwa. Alifariki dunia siku mbili baadaye akiwa na umri wa miaka 21. Katika koti lake ilikutwa barua aliyoiandika usiku wa kuamkia mechi, akijiambia kwamba heshima ya watu wake, ya familia yake na yake mwenyewe ilikuwa mashakani siku ile. Wanafunzi wa chuo chake walidai kwa zaidi ya miaka ishirini kwamba uwanja wao uitwe kwa jina lake, na mwaka 1997 wakafanikiwa.

Ningeweza kuishia hapa, nikiwanyooshea Wamarekani kidole. Lakini kuna jambo langu mwenyewe.

Katika chuo kidogo ninachofundisha nilikuwa na mwanafunzi Mweusi aliyechezea timu yetu. Jumamosi moja nilikwenda kumtazama. Katikati ya mchezo aligongwa kichwani, akaanguka, akalala bila kutikisika. Uwanja ulinyamaza. Kisha akainuka akiyumba, nasi sote tukasimama kumpigia makofi. Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma, nikaliita jina lake kwa sauti kubwa. Nilidhani ninampa moyo. Akarudi kucheza.

Siku tatu baadaye aliingia ofisini kwangu akiwa amevaa miwani ya jua, akaniomba nizime taa. Alikuja kuomba muda zaidi wa kuandika insha yake, kwa sababu herufi zilikuwa zikimchezea machoni. Nilimuuliza kwa nini alirudi uwanjani katika hali ile. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: “Profesa, niliwasikia mnaniita.”

Sikuwa na la kumjibu. Hata leo sina.

Tangu siku ile siwezi tena kusema kuwa shangwe za mashabiki ni kelele tu, au burudani tupu ya wikendi. Shangwe ni nguvu. Inaweza kumwinua mtu aliyekata tamaa, na inaweza kumrudisha mtu mahali ambapo hakupaswa kurudi. Na kwa kuwa ni nguvu, ina deni. Mtani anayecheka juu ya kaburi anadaiwa kushika koleo, na shabiki anayeliita jina la mchezaji anadaiwa kulikumbuka jina hilo hata mchezaji anapotolewa kwa machela, na hata anapokaa gizani siku ya Jumanne akishindwa kusoma.

Simwombi mtu yeyote amwache Floyd. Wambusu nguruwe wao, nami nitacheka nao tena. Lakini ningependa kila mwaka, kabla ya kumnyanyua, wasimame dakika moja kando ya uwanja na kulitaja kwa sauti jina la Ozzie Simmons. Utani hauharibiwi na ukweli. Kwetu ukweli ndio unaoupa kibali.

Mwanafunzi wangu aliacha mpira muhula ule. Insha yake aliileta ikiwa imechelewa wiki tano, nami niliipokea. Siku ya mahafali, jina lake lilipotajwa, watu wachache tu walipiga makofi. Mimi nilisimama.