Eti wapiga kura hawako tayari?

Wadau, kuna sentensi nimechoka kuisikia kwa watu wa vyama: "Wapiga kura wetu bado hawako tayari kwa rais mwanamke." Jamani, nani kawauliza?

Chukueni Chiwanda, kule mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Oktoba 25, 2015 jimbo lao la Nyasa lilimpa ubunge Mhandisi Stella Manyanya, na 2020 likampa tena. Ubunge wa jimbo huo, si viti maalumu! Siku ileile ya 2015, kwenye karatasi ya urais alikuwepo Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo. Nchi nzima hakufikisha kura laki moja: asilimia 0.65.

Sasa mpiga kura kaona mwanamke anafaa kwenye karatasi moja, kwenye nyingine hafai? Mimi nadhani alitazama chama. Manyanya alisimama kwa CCM, Mghwira kwa chama kilichosajiliwa mwaka mmoja tu nyuma.

Na CCM wenyewe? Julai 2015 majina matatu yalifika mkutano mkuu Dodoma: John Magufuli, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, mkoa huuhuu wa Ruvuma, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Magufuli alizoa kura zaidi ya 2,000. Wanawake wawili kwa pamoja hawakufika 350. Hao walikuwa wajumbe. Mama anayeanika usipa Chiwanda hakuulizwa.

Mzee mmoja wa huko aliniambia, "Mwanangu, wenzetu Malawi walijaribu." Alimaanisha Joyce Banda, aliyeshika urais Aprili 2012 baada ya kifo cha Bingu wa Mutharika, kisha uchaguzi wa Mei 2014 akawa wa tatu. Kulikuwa na kashfa kubwa ya wizi wa fedha za serikali, lakini mzee anakumbuka gauni tu. Peter Mutharika naye alishindwa 2020, ila sijasikia mtu akisema Malawi walijaribu mwanamume.

Mtaniambia, mbona tunaye Samia? Aliapishwa Machi 19, 2021 kwa mujibu wa Katiba, baada ya Magufuli kufariki. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ukamtangaza kwa karibu asilimia 98, Tundu Lissu akiwa mahabusu na Chadema haimo kwenye karatasi. Hapo mtu atapima nini kuhusu mpiga kura na mwanamke?

Mwenye ushahidi kwamba hatuko tayari, auweke hapa.