Tengeneza Simu Mbovu

Wasee, kabla ukope pesa ya simu nyingine ya kujaribia app yako, pakua Android Studio. Ni bure. Washa virtualization kwenye BIOS, ingia Device Manager, unda simu ndani ya kompyuta. Google inataka RAM ya GB 16. Laptop yangu ina 8, so nafunga Chrome kwanza na kuvumilia kelele ya feni.

Wengi huunda Pixel mpya, kila kitu kinateleza, wanaringa. Mimi naunda simu mbovu: skrini ndogo, RAM kidogo, Android ya kitambo, mtandao naweka EDGE. Hiyo ndiyo simu ya shosho kule ushago. App ikikwama hapo, usimlaumu shosho. Rudi kazini.