"Kwao kuna wazimu." Na so?

Huku Nkoroi ukisema unaoa, kuna shosho atakunong'onezea: "Kwao kuna wazimu." Wasee, tuongee ukweli. Jeni zinachangia, ndio. Hata mawimbi ya umeme ya ubongo, yale Hans Berger alirekodi kwanza 1924, hufanana sana kwa mapacha wa kufanana. Lakini pacha mmoja akipata skizofrenia, mwenzake anaweza kuzeeka bila kuugua. Kurithi hatari si kurithi ugonjwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na KEMRI Kilifi walikusanya mate ya Wakenya kwa utafiti wa NeuroGAP-Psychosis, maana data nyingi ya jeni ilikuwa ya Wazungu. Hakuna aliyepima laana. Kwa hivyo kabla uvunje uchumba, uliza kitu kimoja: huyo ndugu yao anapata dawa, ama wamemfungia nyumba ya nyuma?