Tukingojea Mvua Mjini Lubumbashi

Watoto wa shule zetu husoma katika vitabu vya Kifaransa habari za majira manne ya Ulaya. Huona katika picha bustani iliyofunikwa na theluji, nayo siku kwa siku yayeyuka, yaacha mabaka ya udongo mweusi, hata ua dogo la kwanza lachomoza. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: “Mwalimu, na sisi twangojea nini?”

Swali lake ni zuri. Theluji imo hata katika nchi yetu, juu ya milima ya Ruwenzori mpakani mwa Uganda, ambako kilele cha Margherita chafika mita 5,109. Lakini ni mbali sana nasi, na huko nako barafu yapungua mwaka hata mwaka. Hapa Lubumbashi hakuna. Walakini kungoja twangoja, tena kwa miezi mingi.

Mji wetu uko juu ya uwanda wa mita kama 1,200 toka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na mara chache, katika mabonde ya nyasi, umande huganda alfajiri. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 1,200, na karibu yote hunyesha toka Novemba hata Machi au Aprili. Toka Juni hata Agosti mara nyingi halianguki hata tone moja.

Theluji yetu, basi, ni vumbi. Ni jekundu, lakaa juu ya majani ya mwembe, juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, wala haliyeyuki. Theluji ina fadhili moja ambayo vumbi halina: ikiyeyuka hunywesha shamba polepole. Kwa hiyo anayetaka lengalenga na matembele wakati wa kiangazi hana budi kulima bondeni, kando ya Kafubu au kijito kingine, na kumwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni. Ifikapo Septemba maji ya visima hushuka, kamba huongezwa urefu, na kila ndoo yafanyiwa hesabu nyumbani: ni ya mboga, au ni ya kuogesha watoto?

Lakini tazameni jambo la ajabu. Sisemi habari za mijakaranda ya barabarani, ambayo huchanua maua ya zambarau wakati huo. Maua yake nayapenda, ila mti wenyewe ni mgeni, asili yake ni Amerika ya Kusini. Nasema habari za miombo ya porini. Mwisho wa Agosti na mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa zimeungua na udongo umepasuka, miti hiyo hutoa majani mapya kabla ya mvua yo yote. Nayo si ya kijani. Ni mekundu kama shaba, mengine ya waridi, mengine ya kahawia, hata kilima kizima huonekana kama kinawaka moto usio na moshi. Mgeni wa Ulaya hudhani majani hayo yanakufa, kwa maana kwao rangi hiyo ni ya kuuaga mwaka.

Je, miti yapata wapi maji? Mizizi yake hushuka chini sana, penye unyevu uliosalia wa mvua iliyopita, na shina nalo huweka akiba. Ndiyo maana moto wa wakati huo ni mbaya kuliko mwingine. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo, si mkali sana. Moto wa Septemba na Oktoba huunguza majani machanga na miche pamoja. Karibu na Ndola, ng’ambo ya mpaka katika Zambia, mwaka 1933 walianza kuchoma sehemu za msitu kila mwaka mwisho wa kiangazi, na nyingine wakazikinga zisichomwe kabisa. Baada ya miaka mingi zile za kwanza zikawa karibu nyasi tupu, na zile zilizokingwa zikawa msitu mnene. Tena kuna shoka. Bukari letu twalipika kwa makala, na makala ni miombo. Kuzunguka mji msitu umerudi nyuma sana, hata mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi majani mekundu yampasa atafute gari.

Oktoba ndio mwezi mzito kupita yote. Karibu na tarehe 23 jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu. Kila alasiri mawingu hukusanyika, hunguruma, kisha huenda zao.

Halafu mvua ya kwanza huja, nayo ni danganyifu. Mwaka mmoja ilinyesha mapema, na mtaa mzima ukakimbilia mashambani na majembe. Jirani yetu, mama mwenye watoto sita, mbegu yake yote ya mahindi ilikuwa debe moja. Mwanawe mkubwa akamwambia: “Mama, wenzetu wote wanapanda.” Mama akajibu: “Chimba kwanza, mwanangu.” Kijana akachimba: chini ya kina cha kidole udongo ulikuwa mkavu. “Hii imekuja kusalimu tu,” akasema mama. Jua likarudi zaidi ya majuma mawili. Mahindi ya jirani yaliota, yakanyauka, na waliokuwa hawana mbegu nyingine walinunua sokoni kwa fedha ya karo.

Walakini kungoja nako kuna hasara. Mahindi mengi yataka kama miezi minne, na mvua yaweza kukoma Machi. Kila juma linalopotea mwanzoni laweza kudaiwa mwishoni. Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipita, mama yule akiwa bado anachimba na kupapasa udongo. Usiku hakulala vizuri. Nilimsikia akifungua mlango kutazama mbingu.

Kichuguu kilicho nyuma ya nyumba yake alikitazama pia. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa, hupita mita 5 kwenda juu, na vingine vilivyopimwa karibu na Lubumbashi vimeonekana kuwa na umri wa miaka zaidi ya 2,000. Udongo ukilowa vizuri, kumbikumbi hutoka humo kwa maelfu. Mwaka ule walitoka jioni moja katikati ya Novemba, baada ya mvua ya siku tatu. Watoto waliweka beseni la maji chini ya taa, wakawakusanya wakicheka, wakawakaanga kwa chumvi. Mama hakuja kula. Alikuwa ameketi mlangoni na debe lake, akichambua mbegu za kupanda alfajiri.