Nilimharibia khaleti biashara kwa video ya sekunde 58

Wasee, mniwie radhi, leo hakuna mzaha mwingi. Kuna video yangu moja ambayo wengi wenu ndiyo iliwaleta hapa. Ile nimeshika kiazi karai karibu na kamera, nakipasua, halafu nasema: "Hii rangi ya dhahabu unayoipenda ni saratani." Ilitazamwa zaidi ya mara laki mbili. Leo nataka kuwaambia kwamba nilikosea, na kwamba kile kiazi kilikuwa cha khaleti yangu.

Kwa wasiojua, khaleti hukaanga viazi Port Reitz, kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Karai moja, jiko la makaa, benchi la mbao, ndoo ndogo ya ukwaju. Wateja wake ni madereva wa malori ya makontena, watu wa boda, na wanafunzi ikifika saa kumi jioni. Kiazi kimoja bob kumi. Hizo kumi kumi ndizo zilizonipeleka chuo kusoma kemia. Nilifika mwaka wa pili nikaacha. Karo ilinishinda, na nikisema ukweli hata mimi mwenyewe nilikuwa nishachoka. Nikatoka na kemia nusu. Sasa kemia nusu ukiipa simu yenye kamera nzuri, ni balaa.

Sikumtaja jina wala sikuonyesha uso wake. Lakini ile meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, mtaa mzima waijua. Wiki ya kwanza wateja walipopungua alidhani ni mvua. Wiki ya pili kijana mmoja akamuuliza mbele za watu kama anakaangia mafuta ya transfoma. Hapo ndo akajua kuna jambo. Binti yake akamwonyesha video.

Hakunipigia simu. Nilikuja kujua Ijumaa nilipopita kumsalimia, nikakuta beseni limejaa viazi saa mbili usiku, saa ambayo kawaida huwa amebaki na makombo tu. Hakunifokea. Aliniuliza swali moja: "Sasa wewe uliyesoma, niambie. Nipike vipi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kutisha watu, basi. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, safari hii bila kutafuta sentensi ya kuwashtua nyinyi.

Tuanze na utamu wenyewe. Ile harufu inayokufanya ushuke kwenye matatu kabla ya stejini kwako ina historia. Mwaka 1912 Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, alieleza kinachotokea sukari na asidi amino, zile zinazojenga protini, zikikutana kwenye joto. Hapo huzaliwa mamia ya vitu vipya, vingine vya rangi, vingine vya harufu. Ndo maana mahamri yakiiva hunukia, mishkaki hunukia, buni ikikaangwa hunukia. Kuna molekuli moja inaitwa 2-asetili-1-pirolini. Iko kwenye gamba la mkate uliotoka tanuri, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya pishori ya Mwea ikipikwa kwenu, jirani ajue. Mchele huzaliwa nayo, mkate huitengeneza motoni.

Shida ni kwamba moto hauchagui cha kuzaa. Viazi vina asidi amino moja kwa wingi, asparajini. Ikikutana na sukari kwenye joto la kama digrii 120 na zaidi, pamoja na ule utamu inatoka pia akrilamaidi. Hii haina harufu, haina ladha.

Ilivyogunduliwa kwenye chakula ni kama sinema. Mwaka 1997 huko Sweden walikuwa wanachimba handaki la reli, Hallandsås. Dawa ya kuziba nyufa yenye akrilamaidi ikavuja kwenye maji. Samaki wakafa, ng'ombe wakapooza. Wanasayansi wakapima damu ya wafanyakazi, na ili kulinganisha wakapima pia watu ambao hawakuwahi kulikaribia lile handaki. Hao nao wakakutwa na dalili zake. Imetoka wapi? Mwaka 2002 jibu likatangazwa: chipsi, krispi, mkate, vitu vya kila siku.

Sasa neno langu la "saratani". Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka akrilamaidi kundi 2A mwaka 1994, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mkubwa ni wa panya, waliopewa kiasi kikubwa kuliko tunachokula sisi. Kwa watu, tafiti za chakula hazijakubaliana. Na hilo kundi 2A si kundi la ajabu: nyama nyekundu iliingia 2015, na vinywaji vya moto kupita digrii 65 vikaingia 2016. Kwa hiyo kama khaleti ni muuaji, mshtaki pia yule mzee wa kahawa chungu. Makundi yale yanasema ushahidi una nguvu kiasi gani. Hayasemi hatari ni kubwa kiasi gani. Mimi niliyasoma kama ni orodha ya sumu.

Halafu kuna kosa ambalo hata halihitaji chuo. Kiazi karai huchemshwa kwanza! Maji yanayochemka hayapiti digrii 100, na sehemu ya sukari na asparajini inamwagwa na yale maji. Kisha kiazi kinavikwa unga. Kinachokutana na mafuta ni lile koti la nje. Si kwamba koti halina kitu, unga wa ngano pia una asparajini. Lakini krispi na chipsi zilizokaangwa kutoka mbichi mpaka zikawa kahawia ndizo za kuongelewa kwanza. Mimi nilichukua kiazi karai kwa sababu kilikuwa karibu na kilikuwa cha bure.

Na kuna hili linaloniuma zaidi. Ile video niliihariri huku nakula sima.

Mwaka 2004, huko Ukambani, Makueni na Kitui hasa, watu walikula mahindi yenye sumukuvu, aflatoksini. Walioandikishwa kuugua walikuwa 317. Waliokufa ni 125. Hii haiko kundi 2A, iko kundi 1, ambako ushahidi kwa binadamu umekamilika: inaharibu ini, na kwa mwenye hepatitisi B hatari ya saratani ya ini inapanda sana. Inatoka kwa kuvu anayeitwa Aspergillus flavus, anayependa mahindi na njugu zilizowekwa na unyevu. Moto wa sufuria ya sima hauimalizi. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu yake. Machi 2021 serikali ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo hiyo.

Je, mmewahi kuona video yangu ya unga? Hakuna. Unga haulii tsssss ukiutia mafuta. Hauna rangi ya dhahabu. Ukiushika mbele ya kamera ni unga tu. Wengi wetu tunaotengeneza hizi video tunaogopesha watu kwa kinachoonekana vizuri, na tukifanya hivyo mara nyingi tunamwangukia mtu mwenye karai moja, asiye na wakili wala msemaji. Mwenye ghala hatumgusi.

Sisi wa upande huu tungepaswa kujua zaidi. Owino Uhuru iko hapo Mikindani. Madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yaliingia kwenye damu ya watoto, na hakuna aliyeyaonja kwa ulimi. Ilibidi Phyllis Omido na majirani wapige kelele miaka, wapime damu, waende mahakamani. Ulimi si mkaguzi. Ndo maana mtu kama KEBS lazima apime, na sisi lazima tuulize amepima nini, lini.

Nikarudi kwa khaleti na karatasi yangu. Nikamsomea. Toa viazi vikiwa vya dhahabu, visifike kahawia. Chota makombo yaliyoungua kila baada ya mkaango. Chipsi mbichi ziloweke kwenye maji kabla ya kukaanga. Mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu au moshi kabla hujatia kitu, mwaga. Usiongeze mapya juu ya hayo. Mahindi na njugu: chambua, zenye kuvu au zilizonyauka tupa, usimpe hata kuku.

Akanisikiza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo mengine nayafanya tangu wewe unanyonya." Kisha akanyamaza kidogo. "Mafuta naongezea. Nijuavyo ni makosa, lakini umeona bei?"

Hapo sikuwa na kemia ya kumjibu. Ile video ilikuwa imeniletea tangazo moja la duka la simu, nikalipwa. Zilizobaki nilimnunulia mtungi wa mafuta. Si wema huo, ni deni, na halijaisha. Madereva wamerudi. Wanafunzi bado, na wao ndo wengi.

Video ya kwanza sijaifuta, kwa sababu ishapakuliwa na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ambayo siwezi kuyafikia. Nimeweka ya marekebisho juu yake. Mpaka naandika hapa, ya marekebisho imetazamwa mara elfu tatu.

Kwa hiyo kama ile ya kwanza ulimtumia mamako, mtumie na hii. Na ukipita Port Reitz jioni ukaona kitambaa cha maua, nunua viwili. Ukwaju ni bure.