Chupa Tatu Chini ya Kiti cha Fuso

Jumapili moja jioni, mama mmoja wa Makambako alikuwa akisafisha kichwa cha Fuso ya familia alipokuta chupa tatu tupu chini ya kiti cha dereva. Moyo ulimlipuka, akadhani mumewe amerudia pombe. Alipozinusa, zilinuka mafuta. Zilikuwa chupa za dawa ya kusafisha nozeli, ile inayomiminwa kwenye tangi la dizeli. Akashusha pumzi, kisha akakumbuka daftari.

Daftari ndilo lililoendesha biashara ya nyumba ile. Fuso waliinunua kwa kuunganisha akiba ya mume, aliyokuwa dereva wa kuajiriwa kwa miaka mingi, na mkopo wa mke kutoka kikundi chake cha VICOBA. Kila safari ya viazi kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam ilipokwisha, mume alikaa mezani na risiti zake, mke akaandika: mafuta, ushuru, posho ya utingo, chakula, pancha. Kilichobaki kiligawanywa mara tatu: marejesho ya kikundi, ada ya binti yao wa kidato cha tatu, na akiba ya matairi. Katika kurasa zote za mwezi ule hapakuwa na chupa hata moja ya dawa.

"Hizi umenunua kwa pesa gani?" alimuuliza usiku, watoto wakiwa wamelala.

"Pesa yangu ya chakula," mume akajibu. "Gari halivuti, mama. Pale Kitonga linapanda kama mgonjwa, na moshi mweusi mpaka wenzangu wananipigia honi. Nasafisha nozeli."

Mke hakuwa na la kusema. Mtu anayejinyima wali njiani ili gari la familia lipone, utamgombezaje? Alimwambia tu kwamba safari ijayo ale, na dawa iandikwe kwenye daftari kama vitu vingine. Hakuuliza kwa nini nozeli zimechafuka ghafla, wala mume hakusema.

Safari iliyofuata ilikwenda vizuri hadi Dar es Salaam. Wakati wa kurudi alipata mzigo wa saruji. Pale Morogoro walipopumzika, dereva mwenzake alimwambia kwamba dawa ya tangi peke yake haitoshi, injini yenyewe imejaa uchafu. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akamwonyesha jinsi oili ilivyo nyeusi tii ilhali haijakaa muda mrefu tangu ibadilishwe. Dawa ya kusafisha injini ilikuwa ikiuzwa palepale. Mume akanunua, akamimina kwenye oili, akawasha gari na kuendelea na safari. Alipanga kumwaga oili hiyo akifika nyumbani.

Walipita Mikumi, wakapita Ruaha Mbuyuni. Mwanzo wa mlima Kitonga, giza likiwa limeshaingia, taa nyekundu ya oili iliwaka. Hapo ndipo uzoefu wake wa miaka mingi ulipoiokoa familia. Hakusema afike kwanza juu. Alizima injini palepale, utingo akaruka na kuweka mawe kwenye matairi, wakatandika majani barabarani nyuma na mbele ya gari. Kisha akapiga simu nyumbani.

Mke alipokea simu jikoni, binti akiwa anasikia. Mlimani hapo palikuwa na saruji ya mtu, na shule ilikuwa ifunguliwe baada ya siku nane. Asubuhi alipanda basi pamoja na fundi, mtu mzima aliyemjua mume tangu alipokuwa utingo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufaulisha saruji kwenda lori jingine, na kwa gharama hiyo faida ya safari ikawa imekwisha. Kisha fundi akalala chini ya gari, akamwaga oili, akafungua sampu. Chujio la chini, ambalo pampu ya oili hunyonyea, lilikuwa limezibwa na tope zito kama lami.

"Shemeji, njoo uone," alimwita mke. "Dawa imefanya kazi yake. Imebandua uchafu wa miaka, ila haikupewa njia ya kutoka."

Akawaeleza wote wawili, huku akiisoma chupa aliyoikuta kichwani mwa gari. Maelezo yalikuwa ya herufi ndogo na kwa Kiingereza, na hakuna aliyeyasoma kule Morogoro. Dawa ya aina ile huwekwa kwenye oili ya zamani injini ikiwa ya moto, gari likiwa limesimama. Injini huachwa iungurume taratibu kwa dakika zilizoandikwa, kwa kawaida kama kumi hadi kumi na tano, kisha oili yote humwagwa, filta hubadilishwa, na oili mpya huwekwa. Haibebeshwi mzigo, kwa sababu huifanya oili kuwa nyepesi na hubandua tope linalokwenda kuziba vijia vya oili. Na injini yenye tope la miaka mingi ni bora isafishwe kwa kubadilisha oili mara kwa mara, kidogo kidogo, kuliko kushtuliwa mara moja.

"Na ule weusi?" mume aliuliza.

Fundi akacheka kidogo. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, alisema, kwa kuwa tayari ina sabuni yake ndani na kazi yake ni kubeba masizi ili yasigande kwenye vyuma. Nyeusi si lazima iwe mbovu. Kinachoangaliwa ni kilometa ilizotembea, uzito wake, na kama imeingia maji au dizeli.

Beringi mbili zilikuwa zimeanza kuchubuka. Angeendelea kupanda, alisema fundi, shafti nzima ingekwenda. Baada ya hapo alifungua bomba la kukamulia maji chini ya chujio la dizeli, akakinga kwa chupa ya maji ya kunywa. Kilichotoka kilijigawa mara mbili: juu dizeli iliyopauka, chini maji yenye kutu. Akaiweka chupa juu ya jiwe, akamtazama mume bila kusema neno.

Mume ndiye aliyesema. Kwa miezi minne alikuwa akijaza nusu ya tangi kituoni, akachukua risiti, na nusu nyingine akinunua kwa watu wa madumu kando ya barabara, kwa bei ya chini. Ndiyo maana ukurasa wa mafuta kwenye daftari ulikuwa umeshuka.

Mke aliukumbuka ukurasa huo. Aliusifia. Mume alimwambia amejifunza kuendesha kwa kubana mafuta, naye akafurahi, akamtolea mfano kwa kaka yake. Alikumbuka pia kilichotangulia: siku aliyozungushia gharama ya mafuta kwa kalamu nyekundu na kusema mbele ya huyo huyo kaka kwamba gari linakula ada ya mtoto. Mume hakujibu siku ile. Safari iliyofuata alianza kununua madumu.

"Niliogopa kalamu yako," alimwambia pale mlimani. Fundi akajifanya anatafuta spana.

Dizeli ya dumu haina mwenyewe. Huenda imenyonywa kwenye lori la mtu, imekaa kwenye chombo chenye maji, au imechanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ndio uliofanya EWURA ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Dizeli yenyewe hulainisha pampu na nozeli. Ikichanganywa na mafuta ya taa au maji, vyuma husagana. Dawa ya nozeli inaweza kuyeyusha uchafu ulioganda kwenye vitundu, lakini chuma kilichokwisha kulika haikirudishi, na kuzidisha chupa hakuongezi nguvu yake.

Nozeli sita zilipelekwa kwa fundi wa pampu huko Iringa, zikapimwa kwenye mashine. Nne zilinyunyiza vizuri. Mbili zilikuwa zinadondosha, zikabadilishwa. Filta ya hewa nayo ilikutwa imejaa vumbi, sababu nyingine ya moshi mweusi. Tangi la mafuta lilishushwa na kuoshwa. Mke alirudi kwenye kikundi akaomba mkopo wa dharura, na binti alikwenda shule na nusu ya ada na barua ya mzazi ya kuomba muda. Aliisoma barua hiyo kabla ya kuikunja. Ilikuwa mwandiko wa baba yake.

Daftari bado lipo, ila limebadilika. Mume ndiye anayeandika ukurasa wa mafuta, mke anajumlisha, na kalamu nyekundu imepewa mtoto wa darasa la pili. Upande wa kulia wameongeza safu tatu: maji yaliyokamuliwa, filta, na kilometa za oili. Dawa ya nozeli imeandikwa pia, chupa moja, kwa kipimo kilichosomwa na binti kwenye chupa wakati wa likizo na kutafsiriwa kwa sauti pale mezani.

Gharama ya mafuta imepanda kurudi pale ilipokuwa. Safari ya kwanza baada ya matengenezo, mume aliitaja akiwa ameinamisha kichwa. Mke akaiandika, akafungua ukurasa mwingine, akamuuliza kama njiani alikula.