Wikiendi ya mapaa mawili

Mlionitafuta tangu Ijumaa, sijafa, sijadisko, wala sijalikimbia deni la chipsi. Nilikuwa kijijini kwa bibi, upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Nimerudi jana usiku na vumbi mpaka ndani ya masikio, viganja vimejaa malengelenge. Kaeni mkao wa kula, maana vituko vilikuwa vingi, ila kuna jambo moja limenikaa kichwani mpaka sasa hivi.

Bibi yangu mzaa baba anaishi kwenye tembe. Kwa nyie wa Bukoba na Tanga ambao mnaijua Dodoma ya UDOM na ya mjini tu, tembe ni nyumba ya asili ya Wagogo. Ni fupi na paa lake ni bapa kabisa. Zinasimamishwa nguzo zenye panda, juu yake zinalazwa boriti, zinafuata fito, halafu nyasi, kisha udongo unashindiliwa juu. Mchana jua likiwa kali, ndani ni baridi kama kuna kiyoyozi. Juu ya paa unaanika mboga na chochote ulicho nacho. Ubaya wake ni kwamba udongo ni udongo tu. Kila mwaka kabla ya mvua lazima ulirudie paa, ukizembea linavuja.

Msimu wa mvua uliopita kona moja ya chumbani kwa bibi ilianguka. Mungu mkubwa, alikuwa nje jikoni. Basi watoto wake wakakaa, wakachangishana, wakamjengea nyumba ya tofali ya mita sita kwa tisa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuezeka, na ilibidi iishe sasa. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi au Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 570. Zikishaanza, kila mtu yuko shamba, hakuna wa kupanda juu ya paa.

Ijumaa jioni shangazi akashuka kutoka Dar na treni ya SGR. Jamani hii treni, tangu ianze kuja Dodoma Julai 2024, Dar imekuwa kama jirani. Shangazi alikuwa amebeba keki yenye maandishi "Hongera Mama kwa Nyumba Mpya". Ikatoka Dar salama, ikafika Dodoma salama. Kilichoimaliza ni ile Noah ya kwenda kijijini, tuliyopangwa kama magunia ya mkaa. Tunafika, kifuniko kinafunguliwa, imebaki "Hon Mama Nyumba". Shangazi akaiweka mezani apumue kidogo, kuku akaruka akatua katikati yake. Watoto walifurahi sana, maana sehemu ya kuku ilitangazwa kuwa ni ya kwao!

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mafundi wameshafika. Bati zipo, mbao zipo, misumari ipo. Kofia za bati hazipo! Yaani zile za kufunika mgongo wa paa juu kabisa. Risiti inaonyesha zimelipiwa, ila waliopakia mzigo dukani walizisahau. Baba akapiga simu mpaka jasho likamtoka. Saa nane mchana ndiyo tunaona bodaboda inakuja kwa mbali, kofia zimefungwa kwa ubavu, anaendesha kama ndege mwenye mabawa. Ng'ombe wote njiani walimpisha.

Wakati tunamsubiri, mbuzi wa supu akakata kamba. Mimi na binamu zangu wanne tukamkimbiza kutoka mbuyu huu mpaka mbuyu ule karibu nusu saa. Tulipomkamata mmoja wetu alikuwa amepoteza ndala, mwingine suruali imechanika mahali ambapo sitapataja hapa.

Kufikia magharibi nyumba inang'aa. Wote tunaimba, tunapiga picha. Ndipo shangazi akasema, "Haya mama, leo unalala kwako. Kesho tunaliangusha lile tembe, boriti zitakuwa kuni."

Bibi akajibu taratibu tu, "Mimi nalala kule kule."

Kimya. Baba akadhani ni utani. Bibi akanigeukia mimi (huwa ananiita mume wake, si mnajua mambo ya bibi na mjukuu), akasema, "Mume wangu, wewe ndiye utalala humo na wake zako wa chuo. Mimi nilishahamishwa mara moja."

Hapo ndipo hadithi ilipoanza, na tulikaa mpaka supu ikapoa. Mwaka 1971 bibi alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi. Kwao waliishi mbalimbali, kila mji na tembe lake, zizi lake na shamba lake pembeni. Ikaja Operesheni Dodoma. Watu wakaambiwa wahamie vijiji vya ujamaa, wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Likaja lori. Baba yake bibi alichotaka kuchukua kabla ya vyote ni nguzo na boriti, maana mti mzuri wa kujengea haupatikani kirahisi. Akalifumua paa lake kwa mikono yake mwenyewe. Bibi anasema walilala siku nyingi nje wakitazama nyota, na boriti zimelala chini pembeni yao kama wagonjwa. Boriti mbili kati ya zile ndizo zinalishikilia tembe lake mpaka leo.

Sasa wanahistoria wenzangu, nyie mashahidi. Operesheni Vijiji tunaisoma: Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, halafu nchi nzima ikahamishwa. Dodoma ilitangulia, tunaandika mistari miwili, tunageuza ukurasa. Na Mwalimu mwenyewe alikuja hapo Chamwino akafyatua matofali na wananchi, hilo nalo tunalijua. Ila sikuwahi kujua kwamba ile mistari miwili inalala juu ya kichwa cha bibi yangu kila usiku. Na hata baba alikuwa hajui! Ana miaka karibu hamsini. Wote tulikuwa tumechangia, tumepanga, tumenunua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza mama mwenyewe anataka nini.

Kikao kikawa kigumu. Shangazi akalia. Baba akasema kwa sauti ya ukali kidogo kwamba hawezi kukaa mjini akisubiri simu kwamba paa limemwangukia mama yake. Na hiyo ni kweli tupu, ile kona ilianguka.

Aliyetuokoa ni baba mdogo, mwalimu wa hisabati sekondari. Akachukua kijiti akachora chini. Paa mita sita kwa tisa ni mita za mraba 54. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 ni lita zaidi ya 1,000, ukiweka mifereji na tanki. Bibi akamuuliza mara mbili, "Lita elfu moja? Kwa mvua moja?" Huyu ni mtu ambaye kiangazi anakwenda kuchimba mchanga korongoni ndipo ajaze ndoo moja.

Akafikiri. Akasema, "Basi hiyo iwe nyumba ya maji. Mvua kubwa ikija nitalala humo, ingawa bati likipigwa na mvua hata mwizi humsikii. Zikiisha narudi kwangu. Na hizo boriti asiziguse mtu."

Ndiyo maana Jumapili, badala ya kupumzika, tuliezeka paa la pili. Udongo wa kichuguu, maji, ndoo kichwani, kupanda na kushuka mpaka saa kumi. Ile kona tukaiwekea nguzo mpya tatu. Baba mwenyewe alikuwa juu anashindilia kwa miguu, suruali imekunjwa mpaka magotini, na bibi chini anamwelekeza: hapo bado, rudi tena hapo. Tanki litanunuliwa mwezi ujao, nami nimeahidi mchango wangu bumu likitoka. (Msicheke!)

Ombi langu kwenu ni moja. Ukienda nyumbani likizo hii, muulize bibi au babu yako aliishi wapi kabla ya hapo anapoishi. Muulize kabla hamjampangia kitu. Mimi nitaifundisha hii mada siku moja, Mungu akipenda, na ile mistari miwili haitanitosha tena.

Haya, lekcha ni saa mbili na sijafua. Wiki njema wapendwa!